Nilikata tiketi ya Korongo la Sumidero, nikapelekwa dampo

Wakuu, kama kuna mtu anapanga kuzunguka kusini mwa Meksiko na begi mgongoni miezi ya mvua, asome hapa kwanza kabla hajatoa hata peso moja. Waliohusika nimeshawaambia, wakanitazama kama nimewadai deni la babu yao. Basi acha nimwage hapa.

Nilitoka San Cristóbal de las Casas asubuhi. Kule ni milimani, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, unalala na blanketi mbili. Kibasi kikateremka kama saa moja hivi, masikio yanaziba, abiria wanavua nguo mojamoja. Tuxtla Gutiérrez, mji mkuu wa jimbo la Chiapas, uko chini kabisa, mita 500 na kitu tu. Mlango ulipofunguliwa nikapigwa na joto usoni kama mtu aliyefunua sufuria ya wali. Sweta bado ninayo mwilini. Begi lenyewe lina kilo kumi na nne, mgongo ukalowa kabla sijavuka barabara. Hilo la joto simlaumu mtu. Kukatiza Tuxtla saa sita mchana kwa miguu nilijitakia, na wazee waliokaa kivulini walinionea huruma waziwazi.

Hasira yangu inaanzia gatini, Chiapa de Corzo, mji mdogo pembeni mwa Tuxtla ambako boti za korongoni zinaondokea. Pale kibandani kuna picha kubwa: maji ya kijani, kuta za mawe, na yale maporomoko wanayoyaita Mti wa Krismasi, kwa sababu mwamba umeota kuvumwani kwa ngazi, kama matawi ya msonobari. Nikamuuliza muuza tiketi kwa Kihispania changu cha kuokoteza: njia yote iko wazi? Akajibu bila kunitazama kwamba ni nzuri sana, nzuri sana. Tunaondoka saa ngapi? "Ahorita." Kwa tafsiri yao ni "sasa hivi". Kwa saa yangu ilikuwa dakika hamsini na tano, tumekaa ndani ya boti isiyo na paa, tunasubiri ijae, kila mtu kafungwa jaketi la kuokolea lililolowa jasho la aliyeshuka. Bomba la chuma la kushikia lilikuwa la moto kiasi kwamba mtoto wa mbele yangu aliligusa akalia.

Sasa niseme ukweli. Dakika thelathini za mwanzo zilinifunga mdomo. Mto Grijalva unaingia kati ya kuta mbili, na kuta zinapanda, zinapanda, mahali pengine zinakaribia mita 1,000 kwenda juu. Shingo inauma. Tuliona mamba amelala kwenye tope, mdomo wazi, hana habari na sisi. Nikasamehe jua, nikasamehe jaketi.

Tukakata kona. Kwanza nikadhani ni magugu maji. Kumbe ni chupa. Chupa za soda, makopo, vipande vya maboksi meupe ya chakula, magogo, kandambili moja ya buluu, mpira wa miguu uliopasuka, vyote vimeshikana kuanzia ukuta hadi ukuta kama mkeka. Boti ikaingia taratibu, tukaanza kusikia ko-ko-ko-ko chini ya miguu yetu. Kisha injini ikakohoa ikazima. Nahodha akaiinua, akachomoa mfuko wa plastiki uliojizungusha kwenye panga la injini, akautupa... palepale majini. Hakuna aliyesema kitu. Harufu mnaijua, ile ya jalala lililonyeshewa.

Akageuza boti. Safari imeishia hapo, Mti wa Krismasi tukauone kwenye picha kibandani.

Ningekuta ni ajali ya siku ile, nisingefungua uzi. Lakini hili jambo linajirudia kila mvua zikikolea na kila mtu pale analijua. Mto Sabinal unapita katikati ya Tuxtla na kumwaga kwenye Grijalva. Mvua kubwa ikinyesha, inafagia mitaro ya jiji zima, pamoja na taka za miji mingine ya juu ya mto, inaleta zote korongoni. Zamani mto huu ulikuwa na maji makali hata kuupita ilikuwa kazi ya vichaa. Kikundi cha vijana wa hapohapo Chiapas, Pañuelo Rojo, ndicho kilichofanikiwa mwaka 1960. Baadaye likajengwa bwawa la umeme la Chicoasén mwishoni mwa korongo, maji yakapanda na kutulia. Boti zikaweza kupita, na taka nazo zikakosa pa kwenda. Na mwaka 1980 eneo lote likatangazwa hifadhi ya taifa! Jina lenyewe Sumidero maana yake ni shimo la kumezea maji, kama lile la bafuni. Ningetafsiri mapema ningeshtuka.

Kinachoniuma zaidi: yale maporomoko ya kwenye bango hupendeza mvua zikinyesha, kiangazi yanabaki kudondosha matone. Yaani wanakuuzia tiketi kwa uzuri wa mvua huku wakijua mvua hiyohiyo ndiyo inayofunga njia.

Niliporudi kibandani nikadai hata nusu ya hela. Jibu: boti imetoka, mafuta yametumika. Nikasema sawa, basi waambieni hawa wanaopanga foleni. Yule bwana akaendelea kuchana tiketi.

Tulipokuwa tunarudi tulipishana na boti ya wazoa taka, watu wanne na nyavu, wanachota chupa na kujaza viroba. Hao nawaheshimu. Walijaza chombo chao wakaendelea na kazi kwenye lile jua.

Kesho yake nikapanda juu. Kutoka Tuxtla kuna barabara inayofuata ukingo wa korongo, yenye sehemu za kusimama kutazama: La Ceiba, La Coyota na nyingine. Kutoka kule juu maji ni kijani safi, huoni hata kizibo. Nikasimama pale nimeshika ukuta, nikazidi kukasirika.

Jioni niliwafuata wazee wanaocheza marimba bustanini Tuxtla, hilo sina la kulalamikia.

Aliyewahi kupita na boti mwezi wa pili au wa tatu aweke picha hapa, nione nilichokuwa nimekilipia.