MJADALA: Wakijani wa Ulaya, chama kimoja kweli au kila mtu na kwao?

Kipanga wa Iringa
Wadau za jioni. Kuna swali limenikaa kichwani tangu ule uchaguzi wa Bunge la Ulaya wa 2024. Wenzetu kule wana vyama vya kijani, yaani vya kutetea mazingira, karibu kila nchi, halafu vyote hivyo vimejifunga pamoja kuwa chama kimoja cha Ulaya nzima, kina wenyeviti wake, kina ilani moja, na bungeni wanakaa kundi moja. Walianza mbali, Wajerumani waliunda chao pale Karlsruhe Januari 1980, mwaka 1983 wakaingia bungeni kwa asilimia 5.6 wamebeba maua na kuvaa sweta za kufuma, watu wakawashangaa. 1993 wakafanya shirikisho huko Finland, 1999 wakawa chama kamili. 2019 kundi lao likapata viti 74 kwenye Bunge la Ulaya, 2024 likashuka mpaka 53. Sasa nauliza, huku kuungana kuvuka mipaka kumewasaidia au ni jina tu? Nauliza kwa nia njema kabisa maana sisi huku wabunge wa EALA, lile Bunge la Afrika Mashariki, wanachaguliwa na mabunge ya nchi, mimi na wewe hatuwapigii kura, na hakuna hata chama kimoja cha Afrika Mashariki nzima.

Mwalimu wa Uraia
Mada nzuri ila rekebisha mwaka ndugu yangu. Chama cha Ulaya kiliundwa Roma, Februari 2004, vyama thelathini na kitu vikatia saini. 1999 ni pale kundi lao bungeni lilipoungana na wale wa Scotland, Wales, Catalonia na wenzao wanaotaka mamlaka zaidi ya kwao. Hao si wa kijani kwa asili ila walikaa meza moja ili kundi liwe kubwa, na mpaka leo makundi hayo mawili yanakaa pamoja, ingawa wa Scotland na Wales walitoka Uingereza ilipojitoa Umoja wa Ulaya.

Kuhusu kusaidia au kutosaidia, mimi naangalia mambo mawili. Moja, Uingereza 1989. Wakijani walipata asilimia 15 ya kura za Ulaya, kura milioni mbili na ushee, viti wakapata SIFURI, kwa sababu ya mfumo wa mshindi wa jimbo kuchukua chote. Wenzao wa nchi zinazogawa viti kwa uwiano wa kura ndio waliosimama bungeni kuwasemea. Mbili, nidhamu. Chama cha kijani cha Latvia ndicho kilichotoa waziri mkuu wa kwanza wa kijani duniani, Indulis Emsis, 2004. Unadhani walimwogopa? 2019 walikifukuza chama hicho hicho kwa kuwa misimamo yake ilikuwa imeenda kulia mno. Chama cha jina tu hakifukuzi mtu.

Dada wa Freiburg
Niko huku mwaka wa 19 sasa, ngoja niwaambie kwa macho yangu. Siku ya kura Juni 2024 nilimsindikiza binti yangu, ana miaka 16, ilikuwa mara ya kwanza Ujerumani kuruhusu umri huo kwenye kura ya Ulaya. Karatasi ya kura ina vyama zaidi ya 30, ndefu kuliko mkono wangu, mtoto anaikunja kama anakunja kanga, mara tatu ndo ikaingia kwenye sanduku. Nikadhani amewapigia wakijani maana mji huu ndo kwao, tulikuwa na meya wa kijani miaka 16. Wapi! Amewapa Volt, wale vijana ambao chama chao kina jina moja na ilani moja nchi zote. Nikakasirika kidogo nisiseme uongo. Halafu mwezi haujaisha wabunge watano wa Volt wakaingia kundi la wakijani bungeni. Kura ya mtoto na ya baba yake, ambaye ni wa kijani, zimekutana Brussels.

Kwa hiyo Kipanga jibu langu ni ndiyo, inasaidia, japo si kama mnavyofikiria. Uholanzi wakijani na chama cha leba waligombea kwenye orodha MOJA wakaongoza nchi nzima viti 8, wanne wakaenda kukaa na wakijani wanne wakaenda kwa wasoshalisti. Uchumba unaanzia nyumbani, ndoa inafungiwa kwingine.

Mkaa wa Tanga
Mnawapamba sana. Hao hao Septemba 2022 waliinua mikono bungeni kwao kutaka bomba letu la mafuta lisimamishwe mwaka mzima, kilomita 1,443 kutoka Hoima Uganda mpaka Chongoleani hapa Tanga, watu wa hapa tulishaanza kupata vibarua. Na mwaka huo huo, Machi, Robert Habeck waziri wa uchumi wa Ujerumani, mtu wa kijani kabisa, alipanda ndege kwenda Qatar kuomba gesi. Gesi ya Qatar haina moshi? Mkishiba nyie ndo mnakumbuka mazingira, huo ni unafiki.

Dada wa Freiburg
Kaka yangu wa Tanga "unafiki" ni neno zito, tafadhali. Wewe hukuwa hapa majira yale. Zaidi ya nusu ya gesi ya nchi hii ilikuwa inatoka Urusi, vita ikaanza, majira ya baridi yanakuja, nina mama mkwe wa miaka 81 anayelala na blanketi mbili na soksi za sufu kwa kuogopa bili ya joto. Ulitaka Habeck afanyeje? Na lile azimio la bomba halikuwa la wakijani peke yao, lilipita kwa kura za makundi mengi, wakijani peke yao hawafiki hata theluthi.

Mkaa wa Tanga
Na mimi nina mama, dada yangu. Anapika kwa mkaa ndo maana nimejiita hivi. Naye nani amwonee huruma kwa moshi?

Mwalimu wa Uraia
Jamani turudi kwenye mada. Hoja ya Mkaa ina kitu ndani yake lakini inahusu serikali kuliko chama. Mtu wa kijani akiingia serikalini anabadilika, si jambo jipya. Joschka Fischer, mtu wa kijani, alikuwa waziri wa mambo ya nje wa Ujerumani 1999, akaunga mkono NATO kupiga mabomu kule Kosovo, na chama chake kilizaliwa kwenye maandamano ya kupinga silaha. Mkutano mkuu wa Bielefeld Mei ile mtu akamrushia mfuko wa rangi nyekundu ukampasukia sikioni, ngoma ya sikio ikapasuka, akapanda jukwaani kuhutubia hivyo hivyo koti limejaa rangi. Na akashinda kura.

Mpasuko mkubwa kuliko yote ndani ya wakijani wa Ulaya ni nyuklia. Wafini, yaani wakijani wa Finland, walitoka serikalini 2002 kwa kupinga kinu kipya, wakatoka tena 2014 kwa kinu kingine, halafu 2022 mkutano wao mkuu ukapitisha kwamba nyuklia ni nishati endelevu. Wajerumani nao Aprili 15, 2023 wakazima vinu vitatu vya mwisho na kushangilia. Chama kimoja juu, ilani moja, na hawa wawili wanakaa benchi moja. Kipanga hapa ndipo pa kujibia swali lako.

Kahawa Chungu (Kirinyaga)
Mwalimu umeongea vizuri lakini mimi nimekwama pale juu, Kipanga amesema hakuna chama kama hicho huku kwetu, ni kama tumelala tu tukingoja Wazungu watufunze kijani. Wangari Maathai alianzisha Mazingira Green Party hapa Kenya bana. Alipigwa virungu kwa ajili ya msitu wa Karura na bustani ya Uhuru Park wakati wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa. Rwanda pia wana chama cha kijani, na makamu wake wa kwanza aliuawa 2010. Msiseme hatujui. Hatukuwa na ruzuku ya Brussels tu.

Kipanga wa Iringa
Samahani sana kaka, sikukusudia hivyo. Nilisema chama kimoja cha Afrika Mashariki nzima, si chama cha kijani cha nchi. Mama Wangari namheshimu mno, picha yake ilikuwa darasani kwetu.

Kahawa Chungu (Kirinyaga)
Sawa yaishe. Lakini hawa watu wa Ulaya wajue sheria zao zinafika mpaka kwa shina la kahawa la mamangu. Ile ya misitu ya 2023 inataka kahawa isitoke kwa shamba lililokatwa msitu baada ya Desemba 2020, na ionyeshe shamba liko wapi. Vijana walikuja na simu, wakasimama katikati ya mashina, mama akawauliza mnapiga picha ya nini na kahawa haijaiva? Msitu gani? Hiyo kahawa ilipandwa na babangu.

Mwalimu wa Uraia
Shamba chini ya hekta 4 linahitaji nukta moja tu, hawazunguki mpaka. Na utekelezaji umesogezwa mbele mara mbili. Wakijani ndio walipinga kusogeza.

Kahawa Chungu (Kirinyaga)
Si ndio nasema! Wao ndio walikuwa na haraka. Sisemi sheria ni mbaya, misitu imeisha kweli, mimi mwenyewe nimeona mto wetu ukipungua. Nasema gharama ya kuthibitisha imeachiwa mtu wa chini.

Mkaa wa Tanga
Bado tembo. 2024 wizara ya mazingira ya Ujerumani, waziri wa kijani, Steffi Lemke, walitaka kubana watu wasiingize nyara za uwindaji. Rais Masisi wa Botswana akawaambia nawaletea tembo 20,000 mkaishi nao. Nchi ina tembo kama 130,000. Nilimpigia makofi.

Dada wa Freiburg
Masisi alikuwa anatafuta kichwa cha habari. Mtu kulipa maelfu ya euro aje amuue mnyama halafu atundike kichwa ukutani sebuleni, mnakitetea hicho? Tembo ni wa dunia nzima, si wa Botswana wala wa mtu mmoja.

Mwana Rufiji
Nimesoma kimya tangu juu ila hapo kwa "tembo ni wa dunia nzima" nimeshindwa kunyamaza. Dada yangu, shikamoo kwanza maana inaonekana umenizidi. Kama ni wa dunia nzima basi dunia nzima ije ikeshe. Mimi nimelala kwenye dungu tangu nina miaka tisa. Unajua dungu? Kichanja cha miti juu ya nguzo katikati ya mpunga, unapanda jioni na debe na tochi, unashuka alfajiri. Tembo hana kelele, hilo watu hawajui. Unasikia mpunga unang'oka, kama mtu anachana kitambaa, na ukishasikia hivyo ujue yuko chini yako. Tumefunga kamba zimepakwa pilipili na oili chafu, mwezi wa kwanza walirudi nyuma, mwezi wa pili mvua ikaosha wakapita. Mwaka juzi heka mbili na nusu usiku mmoja. Nikajaza fomu ya kifuta jasho, yale malipo ya serikali kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyama, nikapiga picha, nikapeleka ninapotakiwa kupeleka, nasubiri mpaka leo.

Kahawa Chungu (Kirinyaga)
Pole sana ndugu. Kwetu Mwea si hivyo lakini watu wa Taita wanalia na ndovu kila msimu. Wamejaribu mizinga ya nyuki kwa uzio, hiyo inasaidia, ndovu anaogopa nyuki.

Mwana Rufiji
Mizinga nimesikia, bei ndo tatizo, na kiangazi nyuki wanahama.

Mkaa wa Tanga
Dada yuko wapi? Ajibu.

Dada wa Freiburg
Nipo. Nilikuwa kazini zamu ya jioni. Mwana Rufiji, marahaba mdogo wangu, na nimesoma maneno yako mara mbili kwenye tramu. Nilikosea kusema vile. Bado sipendi uwindaji wa kufurahisha nafsi na sitaupenda, lakini kusema ni wa dunia nzima huku anayekesha ni wewe, hilo si haki. Kwetu huku mbwa mwitu wa Ulaya wamerudi, wafugaji wa kondoo wanapiga kelele na serikali inawalipa uzio na fidia, watu wa kijani wenyewe wanatetea walipwe. Sijawahi kuweka hayo mawili pamoja kichwani mpaka leo.

Kipanga wa Iringa
Kumbe ndo jibu la swali langu lilipo? Maana nilikuwa nauliza wanaelewana wao kwa wao kuvuka mipaka, na Mfini na Mjerumani wameweza kukaa benchi moja na kugombana humo humo. Ila anayeguswa na kura zao akiwa nje ya hiyo mipaka, hana benchi.

Mwalimu wa Uraia
Kuna mtandao wa vyama vya kijani duniani tangu Canberra 2001, na Afrika ina shirikisho lake humo. Benchi lipo.

Mkaa wa Tanga
Benchi la kukaa kusikiliza, kura hawana Brussels. Mwalimu kubali tu.

Mwalimu wa Uraia
Kura hawana, nakubali. Novemba 2024 wakijani wa Ulaya walimwandikia hadharani Jill Stein wa chama cha kijani Marekani ajitoe amwachie Kamala Harris. Hawakusita kusema mambo ya nchi ya wengine. Basi na wao wasikie yakisemwa yao.

Dada wa Freiburg
Baba watoto ni mwanachama wa tawi la hapa mtaani, wanakutana Alhamisi nyuma ya duka la mikate, watu kumi na tano, sana sana ishirini. Huwa namsindikiza nakaa nyuma na kahawa yangu, sisemi. Safari hii nitasimama niulize: ile fidia ya mbwa mwitu, kwa nini haina mwenzake ya tembo kwenye ilani. Mwana Rufiji unataka niongeze nini?

Mwana Rufiji
Dada nashukuru kutoka moyoni. Waulize kama wanajua heka moja ya mpunga inatoa magunia mangapi. Mimi ya kwangu ilikuwa inatoa kumi na mbili. Kabla hawajasema chochote juu ya tembo waijue kwanza hiyo hesabu.

Dada wa Freiburg
Kumi na mbili kwa heka, heka mbili na nusu. Nimeandika kwenye karatasi. Alhamisi usiku nitarudi hapa niwaambie walivyojibu.

Mkaa wa Tanga
Na la bomba usisahau.