Naomba ushauri: kipini cha mdomo wa juu kinagusa ufizi

Ndugu zangu, naomba msaada wenu. Hii ni wiki ya 5 tangu nitobolewe mdomo wa juu, katikati chini ya pua, na nilivalishwa kipini cha titani kirefu kidogo ili uvimbe upate nafasi. Uvimbe umekwisha, nami nasafisha kwa maji ya chumvi mara 2 kwa siku na kusukutua kila ninapokula; lakini kile kisahani cha ndani sasa kinachezacheza na kugonga ufizi, na nikiinua mdomo mbele ya kioo naona pameanza kuwa pekundu, jambo linalonitia hofu kwelikweli kwa kuwa ufizi ukishalika haurudi wenyewe.

Je, nimwendee aliyenitoboa anibadilishie kipini kifupi sasa, au nisubiri kidonda kipone kabisa? Na ute mweupe unaokauka pembeni mwa tundu, bila maumivu wala harufu, ni wa kawaida?