"Njia yenu hiyo!" Njia ipi? Hiyo mnayoegeshea magari?

Assalaam alaykum wana jukwaa.

Leo sinyamazi. Juzi barazani kwetu hapa Unguja watu wamegeuka wabunge: ati wenye baskeli tulazimishwe kukaa kwenye njia ya baskeli, na anayetoka nje ya mstari atozwe faini. Aliyeanzisha hoja ana Noah. Aliyemuunga mkono ana gari ya shamba. Wa tatu hana hata tairi, ila shemeji yake ni dereva wa daladala. Mwenye baskeli ni mie peke yangu, na kila nikifungua mdomo naambiwa "yakhe, nyie ndo mnaotusumbua barabarani". Basi nayasema hapa, pasipo na wa kunikatiza.

Mie napeleka mikate. Nikishaswali alfajiri nafunga sanduku kwenye keria kwa mpira wa tyubu, nateremka kutoka Fuoni, napita Mwanakwerekwe, Michenzani, mpaka Darajani. Boflo zikichelewa mwenye mkahawa anachukua kwa mwengine, hana muda wa kusikiliza hadithi. Kwa hiyo msinifikirie kuwa napita katikati ya barabara kwa jeuri. Nani anapenda kupigiwa honi mgongoni asubuhi yote?

Natoka kwenye huo mstari wenu kwa sababu haupitiki! Tizameni wenyewe. Unaanza vizuri, rangi nyeupe inang'aa, hatua chache mbele gari imeegeshwa na mwenyewe yumo dukani anakunywa chai. Nikiikwepa nakuta mchanga uliomwagika kwenye lori, tairi nyembamba ya baskeli yangu ya Phoenix ikiingia humo inateleza kama ndizi mbovu. Mbele yake daladala imesimama kwa upande, konda anaita abiria. Mbele tena bodaboda wamejipanga kama pale ni uwani kwao. Mwisho wa yote mstari unakwenda kuishia kwenye mtaro ambao mfuniko wake umeibiwa. Ndipo mtu ananipita, anashusha kioo na kuniambia "njia yenu hiyo!"

Hilo la mlango wa gari mnalijua? Mwenye gari iliyoegeshwa anafungua tu, hatizami kioo. Mie niko ubavuni, nyuma nina sanduku zito. Nikifunga breki ya mbele kwa ghafla sanduku linanisukuma na baskeli inataka kupinduka. Nikifunga ya nyuma peke yake sisimami kwa wakati. Mwezi uliopita mlango umenikuta. Mikate imetapakaa lami nzima, na mwenye gari kitu cha kwanza alichokagua ni rangi ya mlango wake. Pole sikuisikia.

Na hata ikiwa tupu, hiyo njia ya pembeni ina mtego wake penye njia panda. Mie naenda moja kwa moja, mwenye gari ananipita halafu papo hapo anakata kushoto mbele yangu, bila ya indiketa. Anajiona hana kosa kwa sababu mie niko "upande wangu", yaani kwake yeye sipo. Nikiwa ndani ya barabara, mbele yake, angalau ananiona. Atakasirika, lakini ananiona. Mie nakhiari hasira zake.

Halafu akatoka msomi mmoja: "Ulaya wote wanalazimishwa." Uongo huo. Uingereza kanuni zao za barabarani zinasema kutumia njia ya baskeli si lazima. Ujerumani ile lazima ya jumla iliondolewa mwaka 1998. Unalazimika pale tu penye kibao cha duara cha buluu chenye baskeli nyeupe, na mwaka 2010 mahakama yao ya juu ya utawala ikasema kibao hicho hakiwekwi ovyo, mpaka mahala penyewe pawe na hatari ya kipekee. Uholanzi ndiyo, njia yenye kibao chake ni lazima. Lakini njia za Uholanzi ziko mbali na magari, nyingi zina lami yake nyekundu, na mtu akiegesha humo anaadhibiwa. Mnataka kuiga faini ya Uholanzi na barabara mtuachie hizi hizi?

Tena hao hao mnaowataja wameweka sharti kwa wenye magari. Ujerumani tangu 2020 ukimpita mtu wa baskeli mjini unamwachia mita moja na nusu, na nje ya mji mita mbili. Hilo barazani halikutajwa. Huku kwetu nnapitwa mpaka kioo cha pembeni kinanigusa kiwiko.

Kuna wenye baskeli wanaopita upande wa kulia, kuna wanaoendesha usiku bila taa. Hao wakamatwe, sitetei mtu.

Ila nambieni, mtu wa majani ya ng'ombe mnamweka wapi? Mmemuona anavyorudi kutoka shamba, majani yamemziba huku na huku mpaka huoni baskeli? Ule mzigo kwa upana wake umeshauzidi mstari wote. Na muuza samaki mwenye tenga, je? Na watoto wa skuli wanaopakiana wawili? Mtu kama hao akutane na gari iliyoegeshwa, ashuke aburure baskeli kwenye mtaro, au atoke nje apigwe faini? Faini alipe yeye, aliyemzibia njia amalize chai yake?

Mnataka tulazimishwe, sawa. Anzeni kwa kuondoa magari yaliyoegeshwa, zoeni mchanga, funikeni mitaro, daladala zipewe pa kusimama. Mkishafanya hayo hamtahitaji faini, maana nani mwenye akili ataiacha njia tupu akapambane na malori?

Wenye picha za njia zilizozibwa wekeni humu, mtaje na sehemu. Namba za gari zifuteni, sitaki kesi. Na ndugu zangu wa Chake na Wete, kule Pemba, semeni na nyie mnavyofanya kwenye vile vilima, maana mara ya mwisho nilipokuja huko hata huo mstari wa rangi sikuuona.