Spika mbili mpya kwenye ampu ya tyubu, nazifungaje?

waya_mbili: Wakuu naombeni msaada, ampu yangu (kikuza sauti) ya gitaa ni ya tyubu, wati 40, nyuma imeandikwa omu 8 (ukinzani wa spika inaotaka), spika zote mbili zimechanika sasa nimepata mpya za omu 8 kila moja nikazifunga plasi kwa plasi, negativu kwa negativu, nikajua mambo safi, jamaa akaniambia zima haraka. Nimekosea wapi?

koni_nene: Jamaa yuko sahihi. Omu 8 mbili ukizifunga sambamba (plasi kwa plasi, kama ulivyofanya) unapata 4 na ampu inataka 8, ukizifunga mfululizo (plasi ya moja kwa negativu ya nyingine) unapata 16. Ungechukua mbili za omu 16 ukafunga sambamba, hapo 8 kamili. Wati kila moja walau 30, mzigo unagawanyika nusu kwa nusu.

mzee_solda: Ila cheki nyuma kwanza kama kuna swichi ya omu 4, ampu nyingi zinayo, usije ukanunua tena bure. Na usiwashe ampu ya tyubu bila spika hata kidogo, utaunguza transfoma ya kutolea sauti. Kuhakikisha plasi ni ipi gusisha betri ya volti 1.5 kwenye ncha za spika, koni zote mbili zisogee upande mmoja, zikipingana besi inapotea.

waya_mbili: Duh swichi ipo kweli! Nilidhani urembo.