Tairi za inchi 35: tubadili ekseli au tuache ya kiwandani?

Mwanzisha mada
Wakuu, ubishi huu umeshakuwa kero kila wenye magari ya porini tukikutana. Umeinua gari, umefunga tairi za inchi 35, umeweka loki (kifaa kinachofunga magurudumu mawili ya ekseli yazunguke pamoja) mbele na nyuma. Kundi moja linasema ng'oa ekseli zote, weka za Nissan Patrol au agiza Dana 60, ekseli nzito kutoka Marekani. Kundi la pili linasema za kiwandani zinatosha. Mimi niko na la pili, kwa sharti moja: ujue kitakachokatika kwanza ni kipi, na kiwe kile unachoweza kukibadilisha mwenyewe chini ya mti.

Watu wanalinganisha ekseli kwa jina na unene wa nyumba yake, kama wanunua ng'ombe mnadani. Uimara wa shafti, ile nondo ya ndani ya ekseli inayozungusha gurudumu, dhidi ya msokoto hupanda kwa mchemraba wa kipenyo chake (kipenyo mara kipenyo mara kipenyo). Chuma kikiwa kilekile, shafti ya milimita 33 haiizidi ya milimita 30 kwa asilimia 10 tu, inaizidi kwa thuluthi nzima. Ndiyo maana shafti ya Dana 60 yenye inchi 1.5 inaizidi ya Dana 44, mdogo wake, yenye inchi 1.31 kwa nusu. Kwa hiyo kabla ya kuniambia ekseli ipi ni kiboko, nipe kipimo cha shafti.

Tairi nazo tunazisingizia. Kutoka inchi 31 hadi 35 mzigo kwenye shafti unaongezeka kama asilimia 13 hivi. Mchokozi ni loki. Difu ya kawaida, zile gia za katikati ya ekseli, inagawa msokoto sawa pande zote mbili, gurudumu moja likiteleza, la pili nalo halipati cha maana. Ukifunga loki, lile lenye mshiko linaweza kubeba msokoto wote peke yake.

Fundi wa Njiro
Hesabu nzuri kaka, ila umeiruka ekseli ya mbele. Kule shafti si ya kwanza kufa, inatangulia jointi ya mipira ya chuma (CV), ile inayoruhusu gurudumu kukata kona huku likizungushwa. Nilifungua gari moja la mteja, grisi nyeusi tii, kikombe kimepasuka vipande vitatu, mipira sita inazunguka humo kama gololi. Nikamuuliza ulikuwa unafanya nini. Anarudi nyuma kupanda jiwe, usukani umekatwa mpaka mwisho, loki ya mbele imefungwa. Sasa hapo ungemwekea hata ekseli ya lori! Nyoosha usukani kwanza, ndipo ukanyage.

Nanyuki 110
Fundi, huo ushauri ni wa mtu mwenye muda. Kwenye Rhino Charge, mashindano ya magari ya porini ya Kenya, kuna vituo 13 na saa 10 tu, na mshindi ni aliyefika vyote kwa umbali mfupi zaidi. Huzunguki jiwe, unalipanda. Mimi na Land Rover yangu nimehama kutoka shafti za zamani zenye meno 10 kwenye ncha kwenda za meno 24, na bado natamani kitu kizito zaidi. "Chini ya mti" ya Mwanzisha mada inanipotezea siku nzima.

Mwanzisha mada
Kwa mashindano nakubali. Lakini ekseli nzito ina deni lake: tumbo la difu ni kubwa, linashuka chini, jiwe ulilokuwa unalivuka sasa unalikwangua. Unimog, malori ya porini ya Mercedes, wanalikwepa hilo kwa gia za kwenye magurudumu, ekseli inakaa juu na shafti zinapata msokoto mdogo. Bei yake sasa, tusiongee.

Dereva wa Karatu
Nyie mnacheza, mimi nabeba watu. Land Cruiser zetu zinakatwa zinarefushwa Arusha, abiria wanaongezeka, mabegi juu, friji ndani. Sijali shafti ina milimita ngapi. Najali beringi na nyumba ya ekseli isipinde. Na najali jambo ambalo hamjalitaja: gurudumu limeshikwa na nini? Ekseli ya nyuma ya Cruiser uzito umekaa kwenye hubu (kitovu cha gurudumu), shafti kazi yake kuzungusha tu. Ya Hilux shafti ndiyo imeshika gurudumu. Ikikatika, gurudumu linaweza kukuaga barabarani. Mtu akiinua Hilux, akaijaza watu, halafu ananiambia ekseli ya kiwandani inatosha, mimi sipandi.

Mwanzisha mada
Hapo umenifunga bao, mzee. Kwa gari la abiria narudisha maneno yangu. Ila hubu ya aina hiyo, inayobeba uzito yenyewe, ndiyo iliyoniokoa. Mwaka juzi, korongo la mchanga, loki ya nyuma imefungwa, gurudumu linadundadunda nami nimeng'ang'ania mafuta. Paa! Kosa langu kabisa. Nikafungua boliti za hubu, nikachomoa shafti iliyokatika, tundu nikaliziba kwa kipande cha dumu nikakibana kwa boliti zilezile. Loki bado imefungwa, gurudumu la upande wa pili likaendelea kusukuma, nikafika nyumbani usiku. Ningekuwa na shafti ngumu kupita kiasi, pengine zingekufa krauni na pinioni, gia kuu za difu, na hiyo haizibwi kwa dumu.

Nanyuki 110
Au isingekatika chochote.

Fundi wa Njiro
Mwanzisha mada, Jumamosi niletee hiyo iliyokatika. Nataka kuona kama imekatika kwa msokoto au ilikuwa na ufa wa siku nyingi. Kalipa ya kupimia kipenyo ninayo.