Mbwa wangu mzee tumbo halieleweki, naombeni ushauri wa chakula

MkiaMfupi: Wakuu habari zenu. Nina mbwa wangu Simba, ana miaka 12, siku hizi tumbo halieleweki kabisa, leo kafunga choo kesho anaharisha, bakuli analinusa tu anageuka, gesi ndo usiseme. Nimesomasoma nikaona mbwa wazee wanahitaji nyuzinyuzi na zile probayotiki, yaani bakteria wazuri wa tumbo, sasa nianze na boga au nimbadilishie chakula chote kwa mpigo? Nimeshanunua mfuko mpya mkubwa kwa hiyo naegemea huko. Ushauri wa chakula tu tafadhali.

Shangazi_Koko: Usibadilishe ghafla mwanangu, utaharibu zaidi. Anza na kipya robo, cha zamani robo tatu, unaongeza taratibu mpaka siku ya 7 hadi 10 ndo kinabaki kipya kitupu. Boga liwe la kupikwa, bila chumvi bila sukari, kidogo tu maana likizidi nalo linaharisha. Maji yasikauke, na milo iwe midogo midogo mara 3 badala ya kumjazia mara moja. Wangu alifunga choo mpaka analia, kumbe jirani anamrushia mifupa ya kupikwa juu ya ukuta, tuligombana na yule jirani mpaka leo hatusalimiani, na ndo alikuwa shahidi wa harusi yangu.

Nungunungu: Miaka 12 huyo sio mbwa ni babu, mpe fimbo na redio 😂

Binti_Sindano: Kabla ya boga. Choo kina rangi gani? Na kuna dawa yoyote anatumia?

MkiaMfupi: Cheusi, kinanata kama lami. Nilijua ni maini maana huwa nampa. Dawa hakuna.

Binti_Sindano: Hakuna kabisa? Mbwa wa umri huo viungo havimuumi?

MkiaMfupi: Vinamuuma ndio, kuinuka asubuhi ni kazi. Kuna kidonge cha maumivu namfichia kwenye nyama, ibuprofeni, ila nusu tu na sio kila siku. Hizi hizi tunazomeza sisi na mimi sijawahi kupata shida. Anachechemea, mlitaka nikae namwangalia? Halafu mimi niliuliza chakula.

Binti_Sindano: Acha leo hii, hata hiyo nusu. Ibuprofeni kwa mbwa ni sumu, inaondoa kinga ya ukuta wa tumbo anapata vidonda, na figo zinaumia. Choo cheusi cha kunata mara nyingi ni damu iliyovuja huko juu ikasagwa njiani. Hata dawa za maumivu za mbwa zenyewe kama carprofen, choo kikiwa hivyo zinasimamishwa. Na usikimbilie aspirini wala parasetamoli. Daktari wa mifugo leo, sio kesho.

Mpenda_Haki: Watu mnafuga kama mapambo, mnyama akizeeka mnamgeuza maabara. Mungu anawaona.

MkiaMfupi: Maabara gani bwana, nalala naye chumba kimoja.

KijanaWaJuzi: Hii chai. Mwanzo mbwa hali, sasa hivi anakula nyama yenye kidonge. Asiyekula anamezaje? Jamaa anatafuta like tu.

Nungunungu: Kweli aisee, na picha hamna.

MkiaMfupi: Bakuli anakataa, kipande cha nyama kutoka mkononi mwangu anapokea, shida iko wapi? Mnataka picha ya choo niweke?

Nungunungu: Hapana mkuu, tunakula hapa.

Shangazi_Koko: Hata ikiwa chai, alichosema Binti ni kweli. Mbwa wa shemeji yangu waliendelea kumpa boga wakisubiri apoe, wakaja kumpeleka kwa daktari wakiwa wamechelewa. Mtazame fizi, zikiwa zimepauka damu imeshapungua.

MkiaMfupi: Zimepauka. Nimempigia daktari, kasema niende naye sasa hivi, nibebe na boksi la dawa na nimwambie kiasi nilichompa na mara ya mwisho lini. Nasubiri usafiri. Sasa boga nimpe kidogo njiani?

Binti_Sindano: USIMPE KITU.

KijanaWaJuzi: Bado nasema chai.

Shangazi_Koko: Samahani MkiaMfupi, ule mfuko mpya ukiwa bado haujafunguliwa nitafute inbox.