Tupande meli au tupite bara? Kundi la kwaya, watu 18, kutoka Malindi

Katibu wa Kwaya (Malindi)

Hamjambo wapenzi. Mimi ni katibu wa kwaya ya kanisa letu hapa Malindi. Kwa miaka mitatu na nusu tumekuwa tukichanga shilingi elfu tano kila mwezi kila mmoja, hata ile miezi ya mvua ambayo hoteli zimefungwa na nusu yetu tuko nyumbani. Nia yetu ni kuiona kwa macho miji ambayo Paulo aliiandikia barua. Tulianza wengi, tumebaki 18. Mdogo wetu ni kijana wa besi mwenye miaka 24. Mkubwa ni mama yangu mzazi, ana miaka 71 na goti la kulia limemchoka.

Wakala ametuletea mipango miwili. Wa kwanza ni meli ya kitalii kutoka Piraeus, bandari ya Athene. Siku nne baharini, inapitia Kuşadası huko Uturuki (hapo ndipo mtu anashuka kwenda Efeso), Patmo, Krete na Santorini, kisha tunabaki Athene siku moja. Wa pili ni basi tupu kwa siku tisa: Thesalonike, Filipi, Beroya, Athene, Korintho. Bei zinakaribiana. Kikao cha Jumapili kilichukua saa tatu na tukatoka tumegawanyika tisa kwa tisa. Wa meli wanasema Paulo mwenyewe alisafiri kwa merikebu. Wa basi wanasema meli itatukimbiza, saa tano mji huu, saa tatu mji ule.

Mama ana ombi moja tu, Patmo. Ameusoma Ufunuo tangu yuko msichana na anataka kuingia katika lile pango ambamo inasemwa Yohana alipewa maono yake.

Mimi kazi yangu ni kutembeza wageni. Miaka sita nimewapeleka kwenye lile kanisa dogo la makuti la Wareno, nikiwaeleza kwamba Fransisko Ksaveri alipita hapa mwaka 1542 akielekea India. Namjua mgeni anayekimbizwa. Anauliza choo kiko wapi, anapiga picha, anapanda gari. Hela hizi tumezitoa kwa jasho, sitaki turudi hivyo. Aliyewahi kwenda atuambie kweli. Na kuhusu mwezi, wakala anapendekeza Agosti kwa sababu shule zimefungwa na tuna walimu wawili kwenye kundi.

Mwalimu Mstaafu (Maweni)

Katibu, kwanza mfikishie mama shikamoo yangu. Nilikwenda mwaka juzi na kundi la watu wa Mombasa, kwa meli, mwezi wa nane. Nitakwambia mazuri na mabaya.

Efeso ndiyo iliyonishika. Basi la kutoka gatini lilitushusha lango la juu, kwa hiyo unateremka tu mpaka lango la chini. Kwa goti la mama hilo ni jambo kubwa, hakikisheni mwongozaji hawapandishi kinyume. Njia ni ya marumaru iliyosuguliwa na miguu ya watu kwa karne nyingi, inateleza hata ikiwa kavu. Vaeni raba, si malapa. Kivuli ni kidogo mno, na jua la Agosti pale ni kali kweli.

Ule ukumbi wa maonyesho umechongwa ubavuni mwa kilima, na wanakadiria uliingiza watu kama 25,000. Humo ndimo walimosukumana watu wa Demetrio mfua fedha, wakapiga kelele saa mbili nzima kwa ajili ya Artemi wao. Nilipanda mpaka ngazi za juu nikafungua Matendo 19 nikaisoma kimya. Miaka yote nilidhani ni kelele za watu hamsini sokoni. Siku hiyo nilimwogopea Paulo kama anayetaka kuingia mle ni mwanangu.

Ukitoka ukumbini utazame mbele. Kuna barabara pana iliyonyooka, urefu wake kama nusu kilomita, na nguzo huku na huku. Ndiyo iliyokuwa ikienda bandarini. Nikaifuata kwa macho nikitafuta bahari, na bahari hamna. Ni nyasi na matete tu. Mto ulileta udongo mwaka baada ya mwaka mpaka bandari ikafukiwa, na sasa maji yako kilomita kadhaa kutoka pale. Wenzangu walipita. Mimi nilisimama. Katibu, wewe umezaliwa hapa, unajua mto Sabaki ukija na mafuriko bahari yetu inavyogeuka rangi ya chai ya maziwa, na ufuo unavyosogea mbele. Palipokuwa na maji nikiwa mtoto, leo watu wanatembea kwa viatu. Na Efeso ulikuwa mji mkubwa, wenye hekalu lililohesabiwa katika maajabu saba ya dunia. Leo hekalu lile limebaki nguzo moja, na juu yake korongo wamejenga kiota. Nilihisi ninaangalia kitu cha nyumbani.

Tuliimba beti mbili za Kigiriama pale ukumbini, kwa sauti ya chini. Jiwe linaichukua sauti na kuipandisha lenyewe. Nyinyi ni kwaya, mtayaona.

Sasa baya. Patmo sikuikanyaga. Meli kubwa haifungi gati pale Skala, inatia nanga nje na abiria wanashushwa kwa boti ndogo, mfano wa mtu anayevuka Mokowe kwenda Lamu. Asubuhi ile upepo ulikuwa mkali, nahodha akatangaza boti hazishuki, meli ikageuka. Nilikuwa sitahani. Niliiona monasteri ya Mtakatifu Yohana juu kilimani, ile iliyoanzishwa mwaka 1088, kama ngome iliyozungukwa na nyumba nyeupe, ikabaki nyuma yetu mpaka ikafichika. Nahodha alifanya sawa, simlaumu. Lakini nililia, na hata leo nikikumbuka naumia. Kama mama anakwenda kwa ajili ya Patmo, usiliache ombi lake litegemee boti ya asubuhi moja.

Korintho nayo tuliikosa. Siku ya Athene ikiwa moja, ukienda Korintho, kilomita 80 hivi, unaiacha Areopago, kile kilima alipohubiri Paulo. Santorini ni pazuri sana kwa macho, ila kwa safari yenu ni nusu siku iliyopotea.

Mwana wa Nahodha (Lamu)

Asalaam aleikum. Mimi ni Muislamu wa Lamu, marehemu baba alikuwa nahodha wa jahazi, nami nimefanya kazi miaka minne katika meli ya mizigo iliyokuwa ikiingia Piraeus. Naomba niseme la bahari.

Jirani yetu Mkristo aliwahi kunisomea Matendo 27 barazani, akitaka nimfafanulie maneno ya chomboni. Tangu siku hiyo nimeisoma mwenyewe mara nyingi. Aliyeiandika alikuwamo chomboni, kwangu halina shaka. Wanapima maji, pima ishirini, wakienda mbele kidogo pima kumi na tano, wakajua nchi iko karibu. Baba akifanya vivyo hivyo usiku kwa bildi, ile kamba yenye risasi ya kupimia kina. Wakatupa nanga nne za tezi, yaani nyuma, sio za omo, yaani mbele, ili chombo kisigeuzwe na mawimbi na asubuhi omo iwe tayari imeelekea ufuoni. Hiyo ni akili ya baharia. Na kabla ya hapo walikizungushia chombo kamba kisipasuke. Huku kwetu mitepe, vyombo vya zamani, ilishonwa kwa kamba za nazi kutoka omo hadi tezi, wazee wetu wangewaelewa papo hapo. Watu 276, na wote wakafika Melita, yaani Malta, hai.

Kosa lao lilikuwa msimu. Paulo aliwashauri wabaki Bandari Nzuri, kule Krete, kwa sababu siku za kufunga za Mayahudi zilikuwa zimepita, na kwa mabaharia wa zama zile maana yake msimu wa kusafiri unafunga. Nahodha na mwenye chombo wakataka bandari bora zaidi ya kupisha baridi. Ni sawa na mtu atoke Lamu kwa tanga kwenda Mombasa wakati kusi, upepo wa kusini, imekaza, kwa kuwa ana haraka na shehena yake.

Kwa hiyo Agosti nawakataza kabisa. Bahari ya Egei ina upepo wake wa kaskazini, Wagiriki wanauita meltemi. Unavuma kiangazi, na kilele chake ni Julai na Agosti. Mbingu safi, jua linawaka, na bahari imechafuka. Mgeni haamini mpaka aone. Nafikiri huo ndio uliomnyima mwalimu Patmo yake. Nendeni Mei, au mwisho wa Septemba mpaka katikati ya Oktoba.

Na kwa ajili ya mama, acheni ile meli ya kitalii. Kuna feri za kawaida kutoka Piraeus kwenda Patmo, mwendo wa kama saa nane, nazo zinafunga gati penyewe pale Skala. Laleni kisiwani siku mbili. Kutoka Patmo mnapata chombo kwenda Samo, na kutoka Samo kuna feri ya kuvuka kwenda Kuşadası, ng'ambo ya pili pale pale, kisha Efeso. Paulo naye alipita Samo, imo katika Matendo 20. Mtakuwa mmesafiri baharini kweli, na saa zenu mtazishika wenyewe.

Karani wa Safari (Mombasa)

Nachangia viza tu. Ugiriki iko ndani ya Schengen, zile nchi za Ulaya zenye viza moja, Uturuki iko nje. Mkienda Kuşadası mmetoka, na mkirudi Athene kupanda ndege mnaingia mara ya pili. Ombeni viza ya kuingia zaidi ya mara moja na muambatanishe ratiba inayoonyesha hivyo. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na hairudishwi ukinyimwa. Bima ya safari isipungue euro 30,000. Pasipoti iwe na uhai wa miezi 3 baada ya siku mtakayotoka Schengen. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, tumieni nafasi hiyo. Viza ya Uturuki ni jambo lake mbali, ulizeni ubalozi wao Nairobi kabla hamjalipia feri wala hoteli. Na kila mwanakwaya aandae taarifa zake mwenyewe za benki, msitegemee barua ya kwaya peke yake.

Katibu wa Kwaya (Malindi)

Ahsanteni sana, nyote. Jana jioni mazoezini niliyasoma majibu haya kwa sauti kabla ya wimbo wa kwanza. Nilipofika pale pa Sabaki chumba kikanyamaza. Mzee mmoja wa besi ni mvuvi, akasema boti yao siku hizi inasukumwa mbali kuliko alivyomwona baba yake akisukuma. Baada ya hapo hata waliotaka basi walianza kuuliza habari za Efeso.

Tumekubaliana kumrudishia wakala mipango yake yote miwili na kuomba wa tatu. Mwisho wa Septemba. Thesalonike na Filipi kwa basi, kwa sababu akina mama wanataka kufika kwenye ule mto nje ya Filipi alipobatizwa Lidia, nami sina moyo wa kuwaambia hapana. Kisha Athene siku mbili ili Korintho isikosekane, feri mpaka Patmo, tulale siku mbili, Samo, Efeso. Krete na Santorini zimeondoka. Ni ndefu kuliko tulivyopanga na itabidi tuchange miezi mitano zaidi. Walimu wetu wawili wanahitaji ruhusa kwa kuwa Septemba shule zimefunguliwa, barua tunaziandika wiki hii.

Kaka wa Lamu, mama amesema Mungu akubariki wewe na marehemu baba yako. Mwalimu, nieleze la mavazi, na hiyo siku ya Korintho tuitumieje?

Mwalimu Mstaafu (Maweni)

Leso. Kila mama abebe mbili. Monasterini na pangoni mabega yawe yamefunikwa, na wanawake wawe na sketi ndefu. Pango liko katikati ya njia ya kutoka Skala kupanda mji wa juu, Chora. Basi na teksi zipo, halafu kuna ngazi za kushuka. Mama ashuke na mtu mmoja mbele yake na mwingine nyuma, asiharakishwe.

Korintho anzeni na bema, lile jukwaa la mawe sokoni ambapo wanasema Paulo alisimamishwa mbele ya Galio. Huyo Galio ana jiwe lenye jina lake lililopatikana Delfi, na kwa jiwe hilo wataalamu wanajua alikuwa liwali kwenye mwaka 51 au 52. Ndiyo tarehe wanayoitegemea zaidi katika kupanga miaka ya safari za Paulo. Wasomeeni vijana Matendo 18 hapo hapo, wamesimama. Kisha mwombeni dereva awashushe Kenkrea, ni karibu. Ndiko alikonyolewa kichwa kwa sababu ya nadhiri, na ndiko kwa dada Fibi, mhudumu wa kanisa la huko. Sasa ni mawe machache yaliyoingia majini, wageni wengi hawapelekwi. Nyinyi nendeni, hata kwa nusu saa.

Na mkishatoka pangoni Patmo, kabla hamjapanda basi, nipigie simu. Nitakuwa hapa Maweni. Mpe mama aongee yeye.